"Futa akiba": kitufe hicho kinafuta nini hasa, na lini ukibonyeze

SWALI: Natumia simu ya Android ya GB 32 na kila mara inaniambia nafasi imejaa. Fundi mmoja kaniambia nibonyeze "Futa akiba" kwenye WhatsApp. Mwingine kanikataza, eti nitapoteza mazungumzo yote. Hapa shuleni ninakofanya kazi za ofisi, aliyetutengenezea tovuti naye kila tukimwambia nembo mpya haionekani anajibu, "Futeni kache." Je, akiba na kache ni kitu kimoja? Nikifuta napoteza nini? Na kwa nini inajaa tena baada ya siku mbili? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, akiba na kache ni kitu kimoja, na mafundi wako wote wawili wana sehemu ya ukweli. Wa kwanza yuko sahihi kwamba "Futa akiba" haigusi mazungumzo. Wa pili ana hofu ya haki, ila ameielekeza kwenye kitufe kisicho chake. Kitufe kinachopoteza mazungumzo kipo kweli, na kimekaa ubavuni mwa hicho ulichoambiwa ubonyeze. Ambalo hakuna aliyekuambia ni kwamba kwenye WhatsApp kufuta akiba hakurudishi nafasi ya maana, kwa hiyo ungebonyeza, ukashangaa simu bado imejaa, kisha pengine ukajaribu kitufe cha pili. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Tuanze na neno lenyewe, maana mkanganyiko mwingi unatoka humo. Kwa Kiswahili cha kila siku akiba ni kitu kisichoguswa ovyo: fedha ya ada, gunia la mahindi la kuvukia kiangazi. Methali inasema akiba haiozi. Mtu aliyekua na maana hiyo akikuta simu inamwandikia "Futa akiba", lazima mkono usite. Lakini akiba ya kompyuta ina tabia mbili zilizo kinyume kabisa. Kwanza, huoza. Pili, ikipotea hakuna kilichopotea, kwa sababu asili yake ipo mahali pengine. Ni nakala iliyowekwa karibu ili asili isifuatwe mbali kila mara. Mpishi wa mgahawa ana gunia la chumvi stoo na kopo la chumvi kando ya jiko. Kopo ndiyo akiba kwa maana ya kompyuta. Likimwagika atakwenda stoo kulijaza. Atakuwa amepoteza dakika mbili, si chumvi ya mgahawa.

Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kifaransa, kwenye kitenzi cacher, yaani kuficha. Wategaji wa wanyama wa manyoya waliosema Kifaransa huko Amerika ya Kaskazini waliliita hivyo shimo walilofukia chakula na mali ili wavikute wakirudi. Kwenye kompyuta neno liliingia mwaka 1968, kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotangaza mashine yake ya System/360 Model 85. Wahandisi walikuwa wameandika kuhusu sehemu ndogo ya kumbukumbu yenye kasi kubwa iliyokaa kati ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kumbukumbu kuu, wakaipa jina refu la kitaalamu. Mhariri wa jarida la IBM, Lyle R. Johnson, ndiye aliyependekeza neno fupi zaidi. Wazo lenyewe lilikuwa limekwishaelezwa mwaka 1965 na Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa jina jingine. Kwa Kiingereza linatamkwa "kash", sawasawa na neno la fedha taslimu, ndiyo maana utasikia mafundi wengine wakisema "futa keshi". Wanaoandika "kache" wamefuata herufi. Yote yanaeleweka. Android ikiwekwa kwa Kiswahili huandika "akiba", nami nitatumia hilo.

Shika kipimo kimoja tu, kitakutosha maisha yote: asili iko wapi? Picha ya mtu unayemfuata Instagram asili yake iko kwenye seva za Instagram, yaani kompyuta zake zilizo kwenye intaneti. Iliyo simuni mwako ni akiba. Vipande vya ramani ulivyovitazama jana ukiwa njiani, vivyo hivyo. Lakini ujumbe wa WhatsApp ukishafika kwako, WhatsApp huufuta kwenye seva zake. Nakala iliyo simuni mwako ndiyo asili. Kwa hiyo ujumbe si akiba, ni data, hata kama zote mbili zinakaa ndani ya simu moja na zinakula nafasi ileile.

Vitufe viwili, na pengo kati yake

Fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua programu unayoitaka, kisha ingia sehemu ya hifadhi. Utaona kiasi cha nafasi inayotumika, kikiwa kimegawanywa: programu yenyewe, data ya mtumiaji, na akiba. Chini au juu yake kuna vitufe viwili. Kimoja ni "Futa akiba", kwa simu za Kiingereza Clear cache. Kingine ni "Futa data", ambacho kwa matoleo mengine ya Android kimeandikwa Clear storage badala ya Clear data. Hicho cha pili kinairudisha programu katika hali iliyokuwa nayo siku ulipoipakua: umetolewa kwenye akaunti, mipangilio imepotea, na chochote ambacho asili yake ilikuwa simuni tu kimekwenda.

Simu za Xiaomi na Redmi zinahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye nyingi ya hizo kitufe kilicho chini ya ukurasa kimeandikwa Clear data peke yake, na ukikibonyeza kinafungua machaguo mawili: Clear all data na Clear cache. Ukiwa na haraka unaweza kugusa la kwanza. Soma neno "all" kabla kidole hakijatua. Simu itakuuliza mara ya mwisho kama una uhakika. "Futa akiba" ya kawaida kwenye simu nyingi haiulizi kitu, inafuta palepale na tarakimu inarudi sifuri. Basi ukiona onyo linatokea, likitaja akaunti, mipangilio au hifadhidata, jua umeshika kitufe kingine. Rudi nyuma.

"Futa data" inapoteza nini hasa? Inategemea programu, na hapa ndipo panapostahili uangalifu kuliko pengine pote. Kwa Facebook au Gmail hupotezi kitu, pengine utatakiwa tu kuingia upya kwa nenosiri, maana asili iko kwenye seva zao. Kwa programu ya benki au ya kutuma fedha, utalazimika kujisajili upya kwenye kifaa. Salio lako haliguswi, kwa sababu halikai simuni. Kwa TikTok, video ulizochapisha zitabaki, lakini rasimu zitakwenda, kwa kuwa rasimu hukaa kwenye simu iliyozitengeneza. Michezo isiyotumia intaneti hurudi hatua ya kwanza. Programu za kuandika kumbukumbu ambazo hukuziunganisha na akaunti yoyote hubaki tupu. Na kuna moja inayoweza kukufungia mlango kabisa: programu ya kutoa namba za uthibitisho za tarakimu 6. Ikiwa hukuwasha usawazishaji na akaunti, ukifuta data yake namba hizo hazirudi, na kila akaunti iliyokuwa ikizitegemea itakudai namba ambayo huna tena.

Kwa WhatsApp, kufuta data kunaondoa mazungumzo yote kutoka simuni. Wengine hujifariji kwamba WhatsApp hutengeneza nakala rudufu ndani ya simu kila siku saa 8 usiku. Ni kweli hutengeneza, lakini kwenye Android za sasa nakala hiyo hukaa katika folda ya WhatsApp yenyewe, kwa hiyo amri ya kufuta data inaweza kuondoka nayo pamoja na picha. Usiitegemee. Kama una sababu ya kufuta data ya WhatsApp, kwanza ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya Chats, kisha Chat backup, uhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, na uhakikishe tarehe na saa ya nakala hiyo imebadilika kuwa ya leo. Kumbuka siku hizi nakala hiyo inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google. Zikijaa, nakala haikamiliki, na ujumbe wa kukuambia hivyo ni rahisi kuupita bila kuuona.

Mahali pengine pa hatari ni menyu ya urejeshaji, ile inayofunguka kwa kuwasha simu huku umebana kitufe cha sauti. Kwenye simu za zamani kidogo kuna mstari wa Wipe cache partition, ambao hauna madhara: hufuta eneo la mfumo linaloshika mafaili ya muda, si picha zako. Lakini mstari wa kufuta simu nzima, Wipe data/factory reset, uko jirani nao, na menyu hiyo huongozwa kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia tu. Ukikosea mstari kisha ukathibitisha, simu inarudi mpya kama imetoka dukani. Kwa tatizo la nafasi kujaa, hakuna haja ya kufika huko.

Kwa nini inajaa tena

Kwa sababu ndiyo kazi yake. Ukifungua TikTok, video zinazofuata zinaanza kupakuliwa kabla hujazifikia, ndiyo maana huoni kusubiri ukisogeza kidole. Ukirudi kwenye video uliyotazama sasa hivi, inatoka simuni, si kwenye bando. Akiba iliyofutwa jana usiku itajengwa tena leo asubuhi kwa kupakua vitu vilevile.

Hesabu ndogo. Chukua ukurasa wa habari wenye uzito wa MB 4, ambapo MB 3.4 ni nembo, picha za kudumu, fonti na msimbo, na MB 0.6 ndizo habari mpya. Ukiufungua mara 20 kwa mwezi huku akiba ikiwa hai, unalipia MB 4 mara ya kwanza na MB 0.6 mara 19 zinazofuata: jumla MB 15.4. Ukifuta akiba kila kabla ya kuufungua, unalipia MB 80. Zidisha kwa programu zote unazotumia. Mtu anayefuta akiba kila siku ili "simu iwe nyepesi" anaifanya iwe nzito, kwa sababu kila programu inaanza siku ikiwa mikono mitupu, na bando linakwisha kabla ya wakati bila yeye kujua limekwenda wapi.

Programu zinazojiita za kusafisha simu ndizo zilizoeneza tabia hii. Zinakuonyesha mshale unaozunguka na tarakimu kubwa ya "takataka" zilizoondolewa. Sehemu kubwa ya takataka hizo ni akiba halali, itakayorudi. Mfumo wenyewe unajua kazi hii. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, kila programu ina kiwango chake cha akiba, na nafasi ikibana kweli mfumo huanza kufuta akiba za programu zilizovuka viwango vyao, bila kukusumbua.

Basi lini ufute kwa mkono? Kuna sababu mbili za haki. Ya kwanza ni akiba iliyovimba kupita kiasi kwenye programu usiyoitumia sana. Panga programu kwa ukubwa kwenye ukurasa wa hifadhi, utaziona. Ukikuta programu ya video ina akiba ya GB 2 na simu yako ni ya GB 32, ambayo sehemu yake kubwa tayari imechukuliwa na mfumo, futa bila hofu.

Ya pili ni akiba iliyooza. Dalili zake: programu inafunguka na kujifunga hapohapo, hasa baada ya kusasishwa, picha zinatokea kama miraba ya kijivu, orodha inaonyesha vitu vilivyokwishaondolewa, ukurasa unafika umevurugika, maandishi yamepanda juu ya picha. Chanzo mara nyingi ni kwamba toleo jipya la programu linasoma nakala zilizoandikwa na toleo la zamani, au uandishi wa faili ulikatika katikati, kwa mfano simu ilipozimika chaji ikiwa imekwisha. Utaratibu ni huu: lazimisha programu isimame kwa kitufe cha Force stop, futa akiba, kisha ifungue tena ukiwa na intaneti. Mara ya kwanza itachelewa. Ni kawaida, inajaza kopo la chumvi. Tatizo likibaki, sasisha programu. Likibaki bado, hapo ndipo unafikiria kufuta data, baada ya kuhakikisha asili ya kila unachokithamini iko mahali pengine.

Kufunga programu kwa kuzisukuma nje ya orodha ya zilizofunguliwa karibuni hakuna uhusiano na haya. Huko unaziondoa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zinazofanya kazi. Akiba iliyo kwenye hifadhi inabaki kama ilivyokuwa.

Sasa tatizo lako la GB 32. WhatsApp haikujazi kwa akiba, inakujaza kwa video za makundi, ambazo ni data. Ingia mipangilio ya WhatsApp, Storage and data, kisha Manage storage. Hapo utaona mazungumzo yaliyopangwa kwa ukubwa, na juu yake mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi. Anza na hayo. Nafasi kubwa hupatikana katika dakika chache za kwanza. Kisha rudi nyuma hatua moja, ndani ya Storage and data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa video unapotumia bando na hata unapotumia Wi-Fi, la sivyo utaifanya kazi hii kila wiki. Video ulizozipakua YouTube au kwingineko ili uzitazame bila intaneti nazo si akiba. Hazifutwi na "Futa akiba", zinafutwa ndani ya programu husika. Telegram ni kinyume cha WhatsApp: mazungumzo ya kawaida na picha zake asili yake iko kwenye seva zao, kwa hiyo mipangilio yake ya hifadhi inakuruhusu kufuta akiba na hata kuchagua picha zikae siku chache tu, na ukizihitaji zinapakuliwa upya.

Kwa ndugu zetu wenye iPhone, kitufe cha kufuta akiba ya kila programu hakipo. Kilicho karibu nacho kiko Settings, General, iPhone Storage: Offload App huondoa programu na kubakiza data yake, Delete App huondoa vyote viwili. Tofauti ni ileile, na majina yanapotosha vilevile.

Nembo ya shule isiyobadilika

Hapa aliyewatengenezea tovuti ana haki nusu. Kivinjari kilipakua nembo.png mwezi uliopita, kikaambiwa na seva kinaweza kuitumia nakala hiyo kwa muda fulani. Muda huo huandikwa kwa sekunde katika agizo linaloitwa Cache-Control: max-age=86400 ni siku moja, max-age=31536000 ni mwaka mzima. Muda usipokwisha, kivinjari hakiulizi chochote. Kinatoa nakala yake. Ukiisha, kinaiuliza seva kama faili limebadilika, na seva ikijibu 304 maana yake ni "tumia hilohilo ulilonalo". Mmebadilisha picha lakini jina la faili limebaki nembo.png, kwa hiyo kivinjari hakina sababu ya kushuku.

Kabla ya kufuta kitu, pimeni tatizo liko wapi. Fungueni tovuti katika dirisha fiche la kivinjari (Incognito au Private). Nembo mpya ikionekana humo, akiba iliyooza ni ya kivinjari chenu. Isipoonekana, chukueni simu, zimeni Wi-Fi, fungueni kwa bando, nako katika dirisha fiche. Bado ya zamani? Basi akiba iliyooza iko upande wa seva, au picha mpya haikupandishwa kabisa. Hapo nyinyi ofisini mnaweza kufuta mpaka jioni, halitatoka. Ni kazi ya aliyewatengenezea tovuti: kama imejengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, afute akiba ya programu-jalizi yake, kama LiteSpeed Cache au WP Super Cache, na kama tovuti inapita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya tovuti na wasomaji ikishika nakala, aingie huko na kuagiza Purge, yaani futa akiba.

Ikiwa ni ya kivinjari chenu, msikimbilie kufuta yote. Kwenye Chrome na Firefox za kompyuta bonyezeni Ctrl, Shift na R kwa pamoja. Kwa Mac ni Cmd, Shift na R. Hiyo inaupakua ukurasa huo upya bila kujali akiba, na kuacha akiba za tovuti nyingine salama. Ikishindikana, Ctrl, Shift na Delete inafungua dirisha la kufuta data ya kuvinjari. Hapo angalieni visanduku vizuri. Wekeni alama kwenye picha na mafaili yaliyo katika akiba tu. Ondoeni alama kwenye vidakuzi (cookies), maana hivyo ndivyo vinavyokumbuka kwamba mmeingia kwenye akaunti. Mkivifuta mtatolewa kila mahali. Na kisanduku cha manenosiri yaliyohifadhiwa, kama kimewekwa alama, kiondoeni kwa haraka. Kuna watu wamepoteza manenosiri ya miaka kwa kufuata ushauri wa "futa kache" huku visanduku vyote vimewekwa alama.

Tofauti hiyo ya akiba na vidakuzi ina upande wake wa pili, kwa wanaotumia kompyuta za watu wengi, kama za maktaba au za kukodi. Kufuta akiba hakukutoi kwenye akaunti. Ukiondoka ukiwa umefuta akiba peke yake, anayekuja baada yako anaweza kukuta barua pepe yako iko wazi. Huko tumia dirisha fiche tangu mwanzo, toka kwenye akaunti, kisha lifunge.

Sasa kuhusu haki nusu ya aliyewatengenezea tovuti. Nyinyi ofisini mnaweza kubonyeza vitufe vitatu. Wazazi wa shule hawawezi, na hawajui kwamba wanatakiwa. Tovuti ikiwaonyesha watu nembo ya zamani, au mbaya zaidi ada ya mwaka jana, kosa si la wasomaji wake. Dawa ni rahisi na imejulikana miaka mingi: badilisha jina la faili. Picha mpya iitwe nembo-2.png, au faili la mtindo, linalopanga mwonekano wa ukurasa, liitwe mtindo.css?v=2, na ukurasa uelekeze huko. Kwa kivinjari hilo ni faili jingine kabisa ambalo hakina nakala yake, kwa hiyo kinalipakua mara moja, kwa kila mzazi, bila mtu kufuta chochote. Ukurasa wenyewe uwekewe agizo la no-cache. Neno hilo huwachanganya hata wataalamu: halimaanishi "usihifadhi", linamaanisha "hifadhi, lakini niulize kila mara kabla ya kutumia". Agizo la kutohifadhi kabisa ni no-store, na linafaa kurasa za siri kama matokeo ya mwanafunzi mmoja mmoja.

Mkihama kampuni inayowahifadhia tovuti, kuna akiba nyingine tena: ile inayokumbuka anwani ya namba iliyo nyuma ya jina la tovuti yenu. Muda wake unaitwa TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, mwambieni aliyewatengenezea tovuti aushushe hadi 300, yaani dakika 5, ili siku ya kuhama wazazi wasiendelee kupelekwa kwenye seva ya zamani. Baada ya kuhama, kompyuta ya Windows inayong'ang'ania anwani ya zamani hurekebishwa kwa kuandika ipconfig /flushdns kwenye dirisha la amri (Command Prompt).

Kwa hiyo jibu la kumpa safari ijayo akisema "futeni kache" ni swali hili: "Ya wapi?" Kuna ya kivinjari chetu, ya WordPress, ya Cloudflare, ya majina ya tovuti. Prosesa ya kompyuta yako nayo ina yake ndani, ya ngazi mbili au tatu, ile ya kwanza ikiwa na KB 32 au 64 hivi kwa kila kiini, na hiyo haina kitufe cha mtu yeyote kubonyeza. Mtaalamu anayeijua kazi yake atakutajia mojawapo. Asipoitaja, mwombe kwanza afungue tovuti kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando, na akuambie anaona nembo ipi.